Mtoto kachagua chuo, matanga ya nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana nimejizuia siku tatu nimeshindwa. Juzi mmechapisha barua ya msomaji mmoja, mwenzetu kabisa wa huku Marekani, amemsema yule dogo wa mpira wa kikapu AJ Dybantsa kwamba kafuata hela na kawaaibisha Waafrika kwa kuchagua chuo cha BYU (Brigham Young, chuo cha kanisa la Wamormoni). Nimeisoma kwenye basi natoka shifti ya usiku, nikashuka kituo siyo.

Kwa wasiofuatilia kikapu, dogo mwenyewe Desemba hii ya 2024 ana miaka 17, ana futi 6 na inchi 9, anasoma sekondari ya Utah Prep kule Hurricane kusini mwa jimbo hili ninaloishi, na wanaopanga viwango vya wachezaji wa sekondari wengi wamemuweka namba 1 kwa wanaomaliza 2025. Vyuo vilivyobaki mwishoni vilikuwa vinne, Alabama, Kansas, North Carolina na BYU ya hapa Provo, na tarehe 10 Desemba asubuhi akaenda televisheni ya michezo ya ESPN akatamka BYU. Basi. Mtoto wa sekondari kasema mwakani nitasoma hapa.

Mhariri, we acha tu. Hata chai ya asubuhi watu hawajamaliza matusi yameshajaa. Wa North Carolina wanauliza inakuwaje mtu aache chuo alichopita Michael Jordan, chenye mataji 6, aende pasipojua hata Final Four, yaani nusu fainali ya ubingwa wa vyuo, inafananaje (kweli BYU hawajawahi kufika hata mara moja, na mashindano hayo wameingia miaka nenda rudi). Wa Kansas ndo wameumia mara mbili maana BYU kaingia Big 12, ligi yao hiyo hiyo, mwaka jana 2023 kwa hiyo huyo huyo waliyemtaka watamkuta uwanjani amevaa jezi ya wapinzani. Na hawa wote wiki moja kabla walikuwa wanamuita mdogo wetu, wanamtengenezea picha kavaa jezi yao, wanabishana atavaa namba ngapi, sasa ghafla ni kajeuri, kazidi kusifiwa, baba yake dalali.

Mi nimekulia Kigoma, ushabiki naujua. Fei Toto alipotaka kuondoka Yanga Desemba 2022 nilikuwa napigiwa simu kutoka nyumbani usiku wa manane watu wanalia kama kuna msiba, mpaka ametua Azam 2023 bado kuna wajomba hawataki kusikia jina lake. Clatous Chama kavuka kutoka Simba kwenda Yanga Julai mwaka huu 2024, jirani yangu hapa Msimbazi damu kakunja jezi kaiweka kwenye boksi. Kwa hiyo sishangai mtu kuumia, kuumia ni haki yake. Ila wale ni watu wazima wana mikataba, wameshacheza, umeshawashangilia. Huyu hajawahi kurusha mpira hata mmoja kwa ajili ya Kansas. Unamdai nini? Posa imekataliwa unadai mahari ambayo hujatoa.

Sasa tuje kwenye hela maana ndo kilio chenyewe. Magazeti yanataja mpaka dola milioni 7. Sikatai ni mkwanja mrefu, mimi na mama Neema tukijumlisha mishahara yetu tutahitaji kuzaliwa tena mara kadhaa. Lakini mwandishi wa ile barua ameandika kana kwamba hela imeingia kwenye kikapu cha vyuo siku dogo alipotamka BYU. Kocha wa Kansas Bill Self mwaka jana 2023 amepewa mkataba wa dola milioni 53 kwa miaka 5 na sijaona mtu analia kwamba kafuata hela, wanasema anastahili, ni mwalimu mkubwa. Televisheni ziliwahi kulipa dola bilioni 8.8 kuongeza miaka 8 tu ya kuonyesha yale mashindano ya ubingwa wa vyuo ya kila Machi. Miaka yote hiyo mchezaji akipewa kitu nje ya ufadhili wa masomo ilikuwa kosa, mpaka Julai 2021 ndo wakaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura zao. Na kabla ya hapo msidhani walikuwa malaika, hela ilikuwa inapita chini ya meza, Septemba 2017 FBI wakakamata makocha wasaidizi wa vyuo vinne kwa mambo hayo hayo. Kilichobadilika ni kwamba hela sasa inapita juu ya meza na mtoto anaiona, na hicho ndo kinawauma.

Halafu hela hata siyo jibu lote. Hao wengine watatu nao siyo maskini, walikuwa na uwezo wa kufika bei. Dogo mwenyewe amesema anataka NBA, ligi kuu ya kikapu ya kulipwa, na sheria ya NBA inamtaka afikishe miaka 19 na apishe mwaka mmoja tangu darasa lake lihitimu sekondari, siyo kama enzi za LeBron James 2003 alivyotoka sekondari moja kwa moja. Kwa hiyo anatafuta pa kukaa mwaka mmoja tu akanolewe. Kocha wa BYU, Kevin Young, mpaka majuzi, 2024, alikuwa benchi la timu ya NBA ya Phoenix Suns anawafundisha kina Kevin Durant na Devin Booker, na Durant ndo mchezaji ambaye dogo anampenda kuliko wote. Ungekuwa wewe fundi seremala kijana, unaenda kwa yule aliyetoka juzi kwenye karakana unayoitaka au unaenda kwa mwenye cheti cha babu yake ukutani?

Kuna watu hapa lakini siwezi kuwacheka. Kazini ninao wenzangu Wamarekani weusi, hawana habari na Kansas wala nani, wao wanauliza mtoto mweusi anaenda kufanya nini kwenye chuo cha kanisa ambalo mpaka 1978 lilikuwa halimruhusu mweusi kupewa ukuhani. Hapo nanyamaza, hilo swali ni zito na lina haki ya kuulizwa. Na sheria za pale ni kali, pombe hakuna, kahawa hakuna, ndevu hakuna, na Mhariri utashangaa hata chai hakuna, chai ya rangi ya kawaida hii ya kunywea mandazi. Mwaka 2011 wakiwa na moja ya timu bora walizowahi kuwa nazo walimsimamisha mchezaji wao wa kati mwisho wa msimu kwa kuvunja hizo sheria. Sasa mtu akisema mimi naogopea mtoto kwa sababu hiyo namsikiliza, tunakaa tunaongea. Huyo anamjali mtoto. Anayelia kwa sababu jezi aliyoitaka haikuvaliwa huyo anajijali mwenyewe.

Upande wa pili nao una vituko vyake. Supavaiza wangu ni mzungu kasoma BYU, ujana wake alipelekwa Kenya kuhubiri, anaongea Kiswahili cha Nairobi safi kabisa, siku ile kaja kazini anaruka ruka anasema "sasa ni sisi, ni sisi!" nikamwambia mzee tulia, dogo akikosa mitupo 10 mechi ya kwanza na wewe utamgeuka tu. Kacheka lakini hakukataa.

Na sisi Waafrika tusijifanye wasafi. Baba wa dogo anatoka Congo-Brazzaville, mama Jamaica, dogo mwenyewe kakulia Brockton, Massachusetts. Jirani yangu mwingine ni Mkongo wa Fizi, tumefahamiana tangu yupo kambi ya Nyarugusu, alipandisha mabega mwaka mzima huyu ni wetu huyu ni wetu. Nikamwambia ndugu yangu hiyo ni Congo nyingine, ng'ambo ya mto, akanijibu mto ni maji tu. Haya. Dogo alipotangaza BYU, huyo huyo kasema hawa watoto waliozaliwa huku hawana msimamo. Uraia umefutwa asubuhi ile ile, hata ubalozi haukuhusishwa.

Ndo maana nimeandika Mhariri. Mwandishi wa ile barua amesema dogo kawaaibisha Waafrika kwa kulipwa. Ngoja nimkumbushe Waafrika walioko kwenye vyuo hivi hivi na hawawezi kulipwa kama wenzao.

Oscar Tshiebwe kazaliwa Lubumbashi, mji wa Kiswahili kabisa. Mwaka 2022 akiwa chuo cha Kentucky alichaguliwa mchezaji bora wa vyuo nchi nzima, na wakati ule sheria ya wachezaji kulipwa ilishaanza. Wenzake wanafanya matangazo mlangoni kwa chuo. Yeye yupo kwa viza ya mwanafunzi, na viza ile inakubana, kazi ni ndani ya chuo na masaa 20 kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, nje ya hapo unajitafutia kufukuzwa nchini. Kafanyaje? Agosti 2022 timu imeenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki, matangazo yake kayafanyia huko, nje ya mipaka, kama mtu anayevusha sukari Kigoma. Mchezaji bora wa nchi! Msimu huu wa 2024/25 yupo hapa hapa Salt Lake na watu wa Jazz, timu yetu ya NBA, na namuona bado anapigania nafasi.

Na msimu huo huo wa 2024/25 angalieni chuo cha Duke. Khaman Maluach, futi 7 na inchi 2, familia yake ilikimbia Sudan Kusini, kakulia Kawempe, Kampala, kapitia kituo cha NBA cha kunoa vijana kule Saly, Senegal, ana miaka 17 kacheza Olimpiki ya Paris, alikuwepo kwenye kikosi Julai pale London Sudan Kusini ilipofungwa na Marekani kwa pointi 1 tu, 101 kwa 100. Machi aliposema anaenda Duke Afrika Mashariki nzima tulishangilia, Waganda wanasema wetu, Wakenya nao wakatafuta namna, na nakumbuka hakuna aliyeuliza analipwaje. Kipaji anacho, jezi zinauzika, ukumbi unajaa, viza ni ile ile ya mwanafunzi. Dybantsa kazaliwa Marekani hana hilo tatizo. Tofauti yao hapo ni pasipoti tu.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu, kama una hasira unatafuta pa kuiweka, iweke hapo. Mwandikie mbunge wako, wewe mwenyewe uliandika kwamba una uraia na unapiga kura. Mtoto aliyekubaliwa kulipwa kwa jasho lake muache alipwe.

Mwanangu ana miaka 14, anacheza timu ya shule, benchi zaidi kuliko uwanjani. Ameshapiga hesabu kwamba treni ya FrontRunner inatufikisha Provo na mechi hazichezwi Jumapili kwa hiyo kanisani hatutakosa. Nimemwambia tiketi mwakani zitakuwa bei mbaya, kasema basi tuanze kuweka sasa hivi, kaleta kopo. Mama Neema anachouliza yeye ni kama ile chupa ya chai wataturuhusu kuingia nayo.

Baba Neema,
Salt Lake City, Utah, Desemba 2024