Shukrani kwa dada mhariri

Dada, hukutaka nikutaje, basi sikutaji. Shairi langu la kwanza lilibeba ubeti mzima wa malenga Muyaka bin Haji wa Mombasa; marehemu tangu karne ya 19, nikadhani hana wa kunidai. Ungeweza kunianika mbele ya malenga wote. Ulinipigia simu usiku, ukauliza kwanza kama nilijua kuwa hilo ni kosa. Sikujua, wallahi. Ukanisomea ubeti wake, ukanifundisha kumtaja mwenyewe ninapoazima, kisha tukahesabu mizani yangu, yaani silabi za kila mstari, nane kwa nane. Nanyi wahariri wenzake dada huyu, mpigieni mgeni simu kabla ya kumwita mwizi. Shairi jipya limetoka. Kina kimoja cha kati bado kinachechemea, lakini hicho ni changu.