Garanti ni pesa ya mwanafunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wanafunzi wa chuo kikuu wanaopanga vyumba hapa Lubumbashi, pamoja na wazazi wanaowatumia pesa. Mimi ni mwenye nyumba huku Kalubwe, na kwa miaka mingi vyumba vyangu vya uani vimekaliwa na vijana wanaosoma Kasapa, kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Nimewaona wakihesabu kwa uangalifu bei ya unga na makala (mkaa), lakini garanti, yaani pesa ya dhamana anayoweka mpangaji kwa mwenye nyumba, ambayo kwa wengi wao ndiyo pesa kubwa kuliko zote walizowahi kushika, wanaitoa bila kudai hata kipande cha karatasi.

Tuchukue chumba cha dola 50 kwa mwezi. Sheria ya Kongo kuhusu upangaji wa nyumba, namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi mitatu. Kwa hiyo kijana atatoa dola 150, na kabla hajanunua hata godoro atalipa pia kodi ya mwezi wa kwanza na haki ya komisionere aliyemtafutia chumba. Zile 150 ni akiba yake iliyowekwa kwangu, nami napaswa kumrudishia siku anapohama, nikitoa tu deni au gharama ya alichoharibu. Inasikitisha kwamba wenzangu wengi huzitumia wiki ileile, na wanafunzi wakishalijua hilo huacha kulipa miezi ya mwisho ili waile garanti yao humohumo chumbani. Mwaka wa masomo unaofuata wanaanza tena mikono mitupu, na mzazi aliyeko Kolwezi au Kasenga analazimika kuzitafuta upya dola zilezile.

Kwa hiyo namsihi kila mwanafunzi, kabla ya kutoa pesa, adai mkataba ulioandikwa na risiti yenye sahihi, akague chumba pamoja na mwenye nyumba na kuandika hali ya mlango, vioo na kufuli, tena aulize umeme na maji vinalipwa na nani na kwa mgawo gani. Nyumba yenye mita moja ya umeme au maji kwa wapangaji wengi huzaa ugomvi kila mwezi, na kwa kawaida anayeumia ni yule mdogo asiyethubutu kuuliza.

Asivutwe pia na kodi ndogo peke yake. Chumba cha Katuba huenda kikawa nafuu, lakini anayetoka huko kwenda Kasapa mara nyingi hubadili gari mjini, yaani nauli nne kwa siku, na kwa siku 20 za masomo ni nauli 80. Azijumlishe na kodi kwanza, ndipo alinganishe na chumba cha karibu.

Jambo jingine ni hizi pesa zetu mbili. Kodi hutajwa kwa dola, chakula hununuliwa kwa faranga, na kijana anayebadilisha dola zote siku anapozipokea, kisha akatafuta dola tena mwisho wa mwezi, humwachia mbadilishaji faida mara mbili. Dola za kodi zikae kama zilivyo. Hata kwenye simu mtu anaweza kuweka dola kando na faranga kando. Wazazi nao watume pesa ya kodi kando na ya chakula, kwa tarehe inayojulikana. Unga na makala, wanaoishi pamoja wachange wanunue gunia zima, hasa makala kabla mvua hazijaanza na bei kupanda.

Ndugu Mhariri, wazazi wengi hawasomi Kifaransa cha sheria. Ningeshukuru sana kama gazeti lako lingechapisha kwa Kiswahili vifungu vinavyohusu garanti kabla wanafunzi wapya hawajafika mjini, na wenye nyumba wenzangu nawaomba tuanze kuandika risiti mwaka huu bila kungoja kudaiwa.

Mwenye nyumba,
Kalubwe, Lubumbashi