Mtoto alijibu sawa, kadi ndiyo iliyokosea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mashindano ya chemsha bongo ya shule za sekondari niliyohudhuria hapa Dar es Salaam mwezi uliopita. Mada ilikuwa biashara, usafirishaji na safari za kuijua dunia. Mimi ni wakala wa forodha, natoa mizigo bandarini mwaka wa 22 sasa, kwa hiyo nilikwenda kwa hamu kubwa. Nilirudi nyumbani nimeumia.

Swali la nne liliuliza nani alikuwa wa kwanza kuizunguka dunia kwa meli. Binti wa kidato cha pili alisimama akajibu bila kusita: Juan Sebastián Elcano. Msoma maswali akatazama kadi, akasema amekosa, jibu ni Magellan, na alama mbili zikaenda kwa shule nyingine. Binti alipotaka kueleza, akaambiwa akae.

Mhariri, binti yule alikuwa sahihi. Magellan aliondoka Hispania mwaka 1519 na meli tano, lakini aliuawa Mactan, Ufilipino, Aprili 1521. Aliyeirudisha meli ya Victoria Hispania Septemba 1522, ikiwa na watu 18 tu, ni Elcano. Shindano lilipokwisha nilimfuata mwandaaji nikamweleza hayo. Akanijibu kwamba jibu la kwenye kadi ndilo jibu. Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Kadi imeandikwa na binadamu, na binadamu hukosea. Mtoto aliyesoma kuipita kadi anakalishwaje chini mbele ya wenzake?

Lilikuwepo pia swali la Vasco da Gama, ambalo nimelisikia tangu nikiwa mwanafunzi: nani aligundua njia ya bahari ya kwenda India? Kutoka Ureno hadi pwani yetu kwa kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ambayo Bartolomeu Dias alikwisha kuizunguka mwaka 1488, ni kazi yake, apewe sifa yake. Lakini kutoka Malindi alivushwa na rubani aliyepewa na mfalme wa hapo, kwa njia ambayo majahazi yalikuwa yakiipita karne nyingi kabla yake. Waliondoka Aprili 1498, kusi ikianza kuvuma, wakafika Calicut mwezi Mei. Hawakumaliza hata wiki nne. Wakati wa kurudi Vasco da Gama hakungoja kaskazi, upepo wa kumrudisha pwani yetu. Bahari ileile ikamchukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye.

Hapo ndipo penye swali la kumpima mtoto: kwa nini kwenda kuwe wiki nne na kurudi miezi mitatu? Mtoto wa Kigamboni ambaye babu yake ni mvuvi anaweza kulijibu hata kama hajafungua kitabu, na akishalijibu ataelewa kwa nini Kilwa ilitajirika kwa dhahabu ya Sofala, na kwa nini wafanyabiashara wa ng'ambo walilazimika kukaa kwetu miezi mizima wakingoja upepo ugeuke. Ukimwuliza jina tu, atakupa jina tu.

Na kama ni majina, mbona yetu hayaulizwi? Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walitajwa, Stanley akatajwa mara mbili. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewaongoza wote watatu kwa nyakati tofauti, kisha akavuka bara lote na Cameron hadi Atlantiki mwaka 1875, hakutajwa kabisa. Wala Chuma na Susi, waliousafirisha mwili wa Livingstone kutoka Chitambo hadi Bagamoyo.

Kuhusu usafirishaji kulikuwa na swali moja tu, la mwaka uliofunguliwa Mfereji wa Suez. Ni 1869, sawa. Lakini marehemu baba yangu alikuwa kuli bandarini, akibeba magunia ya korosho begani. Meli moja ilikaa gatini siku nyingi ikipakuliwa gunia kwa gunia. Mimi leo naliona kontena la futi 20 likishushwa na winchi kwa dakika chache. Mabadiliko hayo yanahesabiwa tangu Aprili 1956, Malcom McLean alipoipakia meli ya Ideal X makontena 58 kutoka Newark kwenda Houston. Vijana wanaoyaona makontena hayo kila siku Barabara ya Mandela wanastahili kuulizwa yametoka wapi na yanakwenda wapi. Waulizwe lori lenye mzigo wa Lubumbashi likitoka Kurasini linavuka mipaka mingapi. Ni miwili, wa Tunduma na wa Kasumbalesa, na dereva yeyote wa njia hiyo anaweza kuwasimulia foleni zake.

Ombi langu kwa waandaaji: kabla ya shindano lijalo, kadi zipitiwe na walimu wa historia na jiografia, na wawepo ukumbini, ili mshiriki akipinga jibu asikilizwe hapohapo. Mimi niko tayari kusaidia maswali ya bandari na forodha bila malipo. Na shule ya yule binti irudishiwe alama zake mbili, naye aambiwe hivyo mbele ya wenzake walewale.

Wakala wa forodha,
Kurasini, Dar es Salaam