Picha zilikuwa za zamani

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai umeanza kuizoea baridi ya Eldoret na lile blanketi lilikufikia. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto la mwezi huu wa Machi halitupi nafasi hata ya kulala mchana.

Nina jambo la kukiri kwako. Zile picha za sungura wako Kashata nilizokuwa nikikutumia mwezi uliopita hazikuwa za siku hizo. Ni za Desemba, nilizifukua kwenye simu, zile alizolala ukumbini chini ya feni na miguu kainyoosha nyuma. Uliponiomba video nikakwambia simu haina chaji. Ilikuwa na chaji. Ulikuwa kwenye mitihani na babako akashauri tungoje umalize, lakini aliyekuwa akibonyeza na kutuma ni mimi, na kila nilipotuma nilijisikia vibaya. Sasa umemaliza, nakuelezea yote.

Ilikuwa mapema Februari, kabla ya adhana ya alfajiri. Nilisikia kishindo ukumbini, nikadhani paka wa jirani ameingia dirishani. Nikawasha taa. Kashata alikuwa akibiringika. Hakuwa anaruka wala kucheza, mama, alikuwa akibiringika ubavu kwa ubavu kama pipa lililosukumwa, akigonga ukuta na kubiringika tena. Nikamfunika kwa leso, nikamkumbatia hapa kifuani mpaka akatulia. Kichwa kilikuwa kimepinda kushoto, sikio moja limeelekea chini na jingine juu. Na macho ndiyo yaliyoniliza. Yalikuwa yakienda na kurudi upesi upesi bila kusimama, kama ya mtu aliye dirishani mwa basi akihesabu nguzo za stima.

Kulipokucha kila mtu alikuwa na lake la kusema. Jirani akasema ametupiwa jicho, kwani alikuwa mzuri na watu wakimsifu bila kusema mashallah. Ami yako akasema achinjwe mapema kabla hajawa mzoga. Simlaumu, kwake sungura ni kitoweo. Mimi nilimtia kwenye kikapu chenye taulo, nikapanda tuktuk, nikamwomba kijana aende polepole kwenye mashimo. Tulivuka daraja la Nyali nikiwa nimekishika kichwa chake kwa kiganja ili kisiyumbe.

Kabla ya hapo nilipita duka moja la dawa za mifugo na muuzaji akanipa tembe za amoksilini, akaniambia nimmezeshe. Sikujua, nikalipa. Daktari alipoziona aliziweka kando haraka. Alisema dawa za jamii ya penisilini, sungura akizimeza, huua vijidudu vyema vya tumboni mwake na kuacha vibaya vikazaana, na sungura anaweza kufa kwa kuhara. Kwa hiyo kama utakutana na mtu mwenye sungura huko chuoni, mwambie hilo kabla ya jingine lolote.

Daktari alimtazama ndani ya masikio kwanza, maana usaha wa sikio la ndani nao hupindisha kichwa vilevile. Masikio yalikuwa safi. Akampima damu, na alipounganisha majibu na zile dalili akatuambia anachokiamini: kimelea kinachoitwa Encephalitozoon cuniculi, kinachoingia kwenye ubongo na figo. Zamani wataalamu walikihesabu kundi moja na vidudu kama vya malaria, sasa wanasema kiko karibu zaidi na kuvu. Kimejulikana kwa sungura tangu 1922, na bado hakuna dawa ya kuurudisha ubongo katika hali yake ukishaumia. Dawa inakizuia tu kisiendelee.

Najua umeshafika kwenye ile siku aliyokuponyoka akaanguka kutoka kitandani kwako. Nilimuuliza daktari, kwa sababu nilijua utaniuliza. Alisema hapana. Sungura wengi hukipata kimelea hiki wakiwa wadogo, kwa mama yao au kwa mkojo wa sungura wenzao, kikakaa ndani yao miaka na miaka bila kuonyesha chochote. Kashata huenda alikuja nacho kutoka pale tulipomnunua. Wewe hukumfanya kitu. Ukianza kujilaumu usiku, isome tena sehemu hii.

Dawa yenyewe ni ile ya minyoo ya mbuzi na ng'ombe, fenbendazoli, siku 28 mfululizo. Kashata ana kilo 2, na kipimo ni miligramu 20 kwa kila kilo, basi ni miligramu 40 kwa siku. Chupa tuliyopewa ina miligramu 100 kwa kila mililita, kwa hivyo nilikuwa nikivuta mililita 0.4 kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, nikampitishia pembeni mwa meno, nyuma ya yale ya mbele. Siku ya kwanza aliitema yote kwenye buibui langu. Kufikia siku ya kumi akawa anafungua mdomo mwenyewe baada ya swala ya alfajiri. Pamoja nayo alipewa dawa ya kutuliza uvimbe kwa siku za mwanzo.

Lakini mwanangu, dawa ilikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ni chakula. Tumbo la sungura halitakiwi kusimama, na akipitisha nusu siku bila kula, hiyo ni dharura. Wala hawezi kutapika, kilichoingia lazima kipite. Wiki ile ya kwanza kizunguzungu kilimfanya asitake kitu. Nikawa naloweka chakula chake cha punje kwenye maji ya uvuguvugu, naponda mpaka kiwe kama uji mzito, namlisha kwa bomba kidogo kidogo kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Babako alishika zamu ya saa nane za usiku. Hakukwambia, najua, lakini nilimkuta amekaa sakafuni na taulo mapajani anamsomea Yasin huku akimlisha.

Kuna jambo nililokuwa silijui kabisa. Sungura hula vinyesi vyake vile laini vya usiku, vinavyotoka vimeshikamana kama kichala cha zabibu, anavichukua mwenyewe vikitoka. Humo mna vitamini anazozihitaji. Kashata kwa kichwa kile hakuweza kuinama kuvifikia. Basi asubuhi naviokota kwa kijiko namsogezea puani, naye anavila kwa shukrani. Mwanzo nilikuwa nikikunja uso. Sasa hata chai yangu ninaiweka karibu.

Ukumbi wako hutautambua. Vigae vilikuwa vinamtelezesha, kwa hiyo nimetandika mkeka na juu yake blanketi lile la kijani, na upande wa kushoto, upande anaoangukia, nimepanga taulo zilizokunjwa kama mito. Chupa yake ya maji nimeiondoa, anakunywa kwenye sahani ya udongo. Dania na nyasi namwekea chini kushoto, pale mdomo unapofika bila shida. Jicho la chini linakwaruzika kwenye nyasi, hivyo nalisafisha na kulitia matone asubuhi na jioni. Ukimjia, jia upande wa kulia ambako anakuona, ukimshtua anaanza kubiringika.

Miguu ya nyuma nayo imelegea kidogo, na mkojo humtoka bila kujua. Na hapa kwetu, na nzi hawa, mkojo ukikauka kwenye manyoya si mchezo: siku moja tu nzi wanataga na funza wanaingia kwenye ngozi. Namwosha nyuma kwa maji vuguvugu kila siku na kumkausha kabisa. Sakafu naipiga Jik iliyochanganywa na maji kisha naisuuza, kwa sababu mbegu za kimelea hutoka na mkojo na zinaweza kudumu wiki kadhaa. Mtu mwenye afya hana la kuogopa sana, ila ambaye kinga yake imepungua anaweza kuambukizwa. Ndiyo maana bibi yako, kwa zile dawa anazotumia, haingii tena ukumbini. Anamsalimia Kashata kutoka mlangoni, na amelalamika kwamba nimempendelea sungura kuliko yeye.

Joto nalo. Sungura hatoki jasho, joto lake hulitoa masikioni, na nyuzi zikipita 30 anaweza kuzimia. Stima ilipopotea mchana mzima wiki iliyopita nilimzungushia chupa za maji ya barafu zilizofungwa kwa vitambaa, nikawa namlowesha masikio kwa vidole. Aliegemea chupa moja akalala.

Sasa nikwambie alivyo leo. Siku 28 zimekwisha. Macho yametulia. Kubiringika kumebaki kwa nadra, akishtuka tu. Kichwa hakijanyooka, na daktari ameniambia wazi kwamba kinaweza kubaki hivyo maisha yake yote, na kwamba ugonjwa unaweza kurudi wakati wowote, hasa akipata msukosuko. Ami yako bado anauliza nangoja nini. Mimi siangalii kichwa. Naangalia kama amekula, kama amejisafisha uso, kama anakuja anaposikia mfuko wa dania ukichakacha. Leo yote matatu ameyafanya. Ikifika siku asipoyataka, na dawa haimrudishi, nitakupigia simu wewe kwanza, kabla ya daktari na kabla ya ami yako, na tutaamua pamoja. Sitakuficha tena, hata ukiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Nimekutumia video kabla ya kuanza barua hii. Ni ya leo jioni, utaisikia adhana ya magharibi nyuma. Karibu na mlango ataanguka ubavu, usiizime hapo. Endelea kutazama, atainuka mwenyewe.

Mamako