Fundi wa vihami joto naye anataka karatasi

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji aliyelalamika kwamba alimlipa fundi amwekee vihami joto darini, yaani pamba na karatasi za kuzuia joto lisipite, na baada ya miezi michache chumba kikabaki kilekile: mchana tanuri, usiku baridi ya kung'ata. Alimalizia kwa kusema mafundi wote wa kazi hii ni matapeli. Mimi ni mmoja wao, mwaka wa kumi na tisa sasa. Siandiki kumtetea fundi nisiyemjua. Naandika kwa sababu katika barua nzima, yenye hasira ya haki kabisa, sikuona mahali aliposema walikubaliana nini. "Aliniahidi kazi nzuri." Basi.

Kazi nzuri ni milimita ngapi?

Kazi yetu ina balaa ambalo mpaka rangi hana. Rangi ikikosewa unaiona ukiwa umekaa kitini. Kihami joto kikishalazwa juu ya dari au kufungiwa ukutani, hakuna anayekiona tena, na ugomvi wote unakuja kuwa wa sentimita tano zilizo gizani. Ndiyo maana makubaliano ya mdomo yanaumiza zaidi kwetu kuliko kwa mafundi wengine. Hakuna cha kunyooshea kidole.

Na kupima si kugumu. Kila bidhaa ina namba yake ya kupitisha joto, kwa kawaida imechapwa kwenye mfuko. Chukua unene kwa mita, gawanya kwa namba hiyo, unapata ukinzani wake, yaani nguvu yake ya kuzuia joto; ukiwa mkubwa ndivyo bora. Pamba ya kioo, ile ya nyuzi za kioo, yenye namba 0.04 ikilazwa kwa unene wa milimita 100 inakupa 2.5, kwa milimita 150 inakupa 3.75. Sasa mkataba ukiandika "pamba nene ya kisasa", umeandika hewa. (Ingawa hewa yenyewe, ikitulia, ndiyo inayozuia joto; pamba ipo kuishika isitembee. Ndiyo sababu haitakiwi kukandamizwa.)

Hapo kwenye kukandamiza nina la kuungama. Nikiwa bado kibarua, bosi wangu alinikabidhi pamba ya milimita 150 niijaze kwenye ukuta wenye nafasi ya milimita 100. Nikaisukuma kwa goti, ikaingia, tukapiga mbao juu yake. Mwenye nyumba alikuwa amelipia 150. Alichopata kilizidi kidogo pamba ya kawaida ya 100, lakini kilikuwa mbali na alicholipia. Hata angeleta karatasi yake asingetushinda: ilisema "pamba ya 150", na kweli ilikuwa pamba ya 150. Siku hizi mikataba yangu inasema "unene baada ya kuwekwa". Maneno manne tu, lakini kila nikiyaandika nalikumbuka lile goti.

Nami nimeumia pia. Mteja mmoja tulikubaliana vyumba vitatu. Katikati ya kazi mkewe akaomba tuongeze korido, kesho yake gereji. Nikaona aibu kudai saini kwa watu waliokuwa wakinichukulia kama ndugu. Siku ya hesabu, mzee akasema gereji alidhani ni zawadi. Kwa nini isiwe zawadi? Hakuna mahali palipoandikwa kwamba si zawadi. Vijana wangu wawili niliwalipa kutoka mfukoni. Tangu siku hiyo nyongeza yoyote naiandika, na bei yake, na saini mbili, kabla mtu hajapanda ngazi. Hata ikiwa ni korido ya hatua sita.

Marekani hawakuliachia jambo hili hiari ya mtu. Kanuni ya Tume ya Shirikisho ya Biashara, iliyotolewa mwaka 1979, inamtaka anayeweka vihami joto majumbani ampe mteja mkataba au stakabadhi yenye tarehe na saini ya fundi, ikionyesha eneo lililofunikwa, unene na kiwango cha ukinzani. Kwa vile vinavyopulizwa kwa mashine, lazima iandikwe pia idadi ya mifuko iliyotumika na unene utakaobaki baada ya malighafi kushuka. Kwa karatasi za alumini zinazong'aa, iandikwe idadi ya nafasi za hewa na upana wake.

Aliyeandika hayo alikuwa ameshaingia darini, au alimsikiliza aliyeingia. Mashine ikizidishiwa hewa, mifuko michache huonekana milima siku ya kwanza. Baadaye inashuka, na fundi hayupo. Mifuko haidanganyi. Mimi naiacha yote mitupu uani, mteja aihesabu mwenyewe ndipo niichukue. Na ile karatasi ya kung'aa, ukiibana moja kwa moja kwenye bati bila nafasi ya hewa, joto linapita kwa kugusana kana kwamba haipo. Nimeshaona kazi ya namna hiyo ikisifiwa kwa kumetameta kwake.

Kuhusu umeme sitanii. Australia ilikuwa na mpango wa serikali wa kuhami nyumba, ulioanza mwaka 2009 na kusimamishwa mapema 2010. Waliokuwa wakiweka vihami hivyo walikufa wanne, vijana, watatu kati yao kwa kupigwa na umeme. Kwenye karatasi yangu, mstari unaosema nani anazima umeme na nani anahakikisha umezimwa uko ukurasa wa kwanza, juu ya mstari wa malipo. Papo hapo naandika taa zilizozama darini ni ngapi na zitaachiwa nafasi gani, maana taa inayotoa joto ikifunikwa kwa pamba ni moto unaosubiri siku yake.

Mengine ni mafupi. Hali ya paa tuliyoikuta, na picha, kwa sababu pamba iliyolowa haihami na mimi si fundi wa paa linalovuja. Nani anaondoa dari ya zamani na taka zake. Nani analipa duka la vifaa, ili muuzaji asije kumgongea mwenye nyumba ambaye ameshalipa. Dhamana ni ya muda gani, na inahusu nini: vifaa, au mkono wangu.

Lakini kifungu ninachokigombania kuliko vyote ni cha ukaguzi kabla ya kufunga. Naandika kwamba nitamwita mwenye nyumba, naye atakuja ndani ya siku mbili, atapanda, ataona, atatia saini, ndipo nifunge. Asipokuja, napiga picha kila chumba, rula ikiwa imesimama ndani ya pamba, na picha hizo zinakuwa shahidi. Sehemu ya mwisho ya malipo inasubiri hapo. Utashangaa wangapi hukubali kila kitu isipokuwa kupanda ngazi. Wengine hukasirika kabisa: "Fundi, ina maana huniamini?" Siwalaumu. Tumelelewa kuona saini ni dalili ya ugomvi, hasa kwa mtu mnayefahamiana. Mimi hujibu kwamba baada ya mwaka mmoja nitakuwa nimeshaingia kwenye madari ya watu arobaini, na la kwako sitalikumbuka.

Kwa msomaji mwenzangu mwenye chumba cha tanuri: kabla hujampeleka fundi wako popote, tafuta ngazi, tochi na rula. Zima umeme. Vaa mikono mirefu na ufunike pua, pamba ya kioo inawasha. Usipime karibu na kimlango cha dari, hapo hata mwizi huweka nene kwa sababu ndipo mteja anapochungulia. Kanyaga kwenye mbao tu, nenda hadi pembeni, kona ya mbali kabisa, upime hapo. Kisha pima kona nyingine. Andika namba zote na tarehe. Ukikuta unene unapungua kadiri unavyoondoka kwenye kimlango, umeshapata cha kumwonyesha.

Ukikuta uko sawa hadi mwisho, kiangalie kile kimlango chenyewe. Wengi wetu tunakisahau, kinabaki ubao mtupu katikati ya dari iliyohamiwa vizuri. Cha nyumbani kwangu nimekihami mwaka jana, baada ya mke wangu kuniuliza mara ya tatu.

Fundi wa vihami joto, msomaji wenu