Mhariri, mimi sio mpweke, ni joto

Mhariri kamwene. Ndo salamu yetu huku Njombe, na wewe ukijibu kamwene basi tunaendelea. Juzi ukurasa wenu wa familia uliandika kuhusu akina mama ambao watoto wamekua wakaondoka nyumbani, mkasema mama wa hivyo anakuwa mpweke, halali usiku, analia ovyo, ana hasira, anasahausahau, na dawa yake ajishughulishe, aingie kwaya, afuge kuku. Nilicheka afu nikakasirika. Kwaya nipo tangu 1994. Kuku ninao. Cherehani ninayo na nakaa nayo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka giza linaingia. Na bado nilikuwa silali, nasahau na nina hasira, kwahiyo nimeona ngoja na mimi niandike maana naona mmechanganya vitu viwili, upweke na hedhi kukoma kwa umri, kama walivyochanganya watu wa nyumbani kwangu kwa karibu mwaka mmoja na nusu.

Nina watoto watatu. Wa kwanza yuko Dar, wa pili kaolewa Mwanza, kitinda mimba alipanda basi la Dodoma Oktoba 2022 kwenda chuo. Nilisimama stendi mpaka basi likapotea, nikapitia sokoni, nikarudi nyumbani nikavua viatu nikakaa kwenye kochi. Sasa niseme kitu ambacho mama hatakiwi kukisema? Nilijisikia vizuri. Rimoti iko mkononi kwangu, hakuna anayeuliza mama leo tunakula nini, sabuni ya kufulia inakaa mwezi mzima. Niliwakumbuka ndiyo, ni wanangu, lakini sikulia, na kwenye simu nikawa najikuta naigiza sauti ya huzuni kidogo ili wasijisikie vibaya kwamba mama yao hajali.

Wiki ya pili tu ndo mambo yakaanza. Nilikuwa na miaka 49. Niko kwenye cherehani nikasikia moto unapanda kutoka kifuani, shingoni, usoni, masikio yanawaka, afu jasho kama nimemwagiwa maji, dakika tatu nne limeisha nabaki natetemeka kwa baridi. Mara ya kwanza nikadhani sweta. Nikalivua. Baada ya nusu saa joto lile limerudi tena.

Usiku ndo balaa zaidi. Mzee wangu ni mwalimu mstaafu, analala na mzula, soksi na mablanketi mawili, na mimi pembeni yake nimelowa mpaka shuka linabidi kubadilishwa. Nafungua dirisha, anafunga. Nafungua, anafunga. Hatukuwahi kugombana hivyo hata enzi za kutafuta ada. Na mengine ya chumbani yalibadilika pia, sitayaandika gazetini ila wenzangu wameshaelewa, yeye akaona nimemchoka. Akampigia simu mtoto wa kwanza akamwambia mama yenu tangu mdogo wenu aondoke hayuko sawa.

Basi ikawa hivyo. Kila kitu ni watoto. Nikisahau chumvi, ah umewakumbuka watoto. Januari ile, msimu wa sare za shule, nikakata sketi kumi na mbili za mteja mmoja kwa kipimo cha mteja mwingine, mimi ambaye nimeshona miaka ishirini na sita vipimo vyote viko kichwani, nikamlipa kitambaa chote na mzee akasema unaona sasa, mawazo.

Nilienda zahanati. Nchi hii ukienda na shida isiyojulikana unarudi na UTI na taifodi, na ndivyo nilivyorudi. Sindano siku tano. Nikaenda tena nikapimwa malaria, haipo, na huku kwetu kwa baridi hii malaria mara nyingi ni mtu ametoka nayo safari, na mimi safari yangu ilikuwa sokoni na nyumbani. Mara ya tatu wakasema presha kidogo, punguza mawazo, una watoto mbali eti eh? Nikasema ndiyo. Basi hiyo hiyo. Mara tatu, mhariri, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza hedhi yako iko vipi. Na mimi sikusema maana mhudumu alikuwa kijana wa umri wa mwanangu, ningeanzia wapi.

Julai 2023 sasa. Asiyeijua Njombe ya Julai nimwambie kwamba kuna asubuhi majani yanaamka meupe kwa sakitu. Saa tisa usiku mimi niko nje, pekupeku, kanga moja, mwili unatoa mvuke kama sufuria ya viazi imefunuliwa. Raha niliyokuwa naisikia siwezi kuielezea. Jirani yangu akatoka kwenda chooni akamulika simu yake, mwanga ukanikuta nimesimama katikati ya uwanja nimenyoosha mikono. Hakusema neno. Alirudi ndani bila hata kufika alikokuwa anaenda.

Kesho yake dukani watu wakanyamaza nilipoingia. Nyinyi mlioko mbali mnaweza kuona ni kichekesho, lakini mji huu mwanzoni mwa 2019 ulipita kwenye kipindi kibaya, watoto waliuawa na ikasemwa ni imani za kishirikina, kila mtu alikuwa anamwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni. Mwanamke mtu mzima, macho mekundu kwa kukosa usingizi, watoto wameondoka, yuko nje saa tisa na kanga. Hesabu mwenyewe. Wateja wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao kabla sijavishona. Ilibidi mzee aende kwa mwenyekiti wa mtaa kueleza kwamba mke wangu anaumwa, akaulizwa anaumwa nini, akasema upweke. Upweke! Yaani nasimama nje uchi wa miguu kwa upweke.

Watoto wakaamua. Februari 2024 nikatumiwa nauli niende Dar kwa mkubwa wangu nikakae na mjukuu, nibadilishe hewa. Mhariri, Dar ya Februari nilipona. Kwasababu kule wote wanatoka jasho, wote hawalali, wote wako nje usiku na kanga, na mkwe wangu feni kaielekeza kwangu masaa yote. Mwanangu akafurahi, akawapigia wenzake, mnaona, mama alikuwa ametukumbuka tu. Na mimi nikaanza kuamini kweli. Wiki tatu nikaaga, basi limefika Makambako nikashuka kununua mahindi ya kuchoma, kale kaupepo ka baridi kamenipiga, na moto huo, kifuani, shingoni, usoni. Nikalia pale pale na hindi mkononi. Hapo ndo nililia kwa mara ya kwanza kwenye habari hii yote na sio kwa ajili ya watoto.

Aliyenifungua ni mteja. Nesi mstaafu, alileta gauni niliachie pembeni, akanikuta najipepea na kipande cha bitana huku yeye kavaa jaketi na skafu. Akaniuliza una miaka mingapi, na hedhi ya mwisho lini. Maswali mawili tu! Nikamwambia 51 sasa, ya mwisho Februari mwaka jana. Akasema mama, hiyo ni komahedhi, kaa nikwambie.

Akaniambia wengi inawakuta kati ya miaka 45 na 55, kwamba mifuko ya mayai inapunguza kutengeneza homoni ya estrojeni, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inachanganyikiwa, inadhani umechemka wakati hujachemka, ndo inafungulia jasho. Kwamba kabla haijakoma kabisa kuna miaka ya kuyumba, mara inakuja mara haiji, na kwenye kuyumba huko mimba bado inaweza kushika kwahiyo wasichekelee mapema. Kwamba ikitimia miezi 12 mfululizo bila hedhi ndo wanahesabu imekoma. Kwamba joto linaweza kuendelea miaka, sio miezi. Usingizi, hasira, kusahau, mifupa kuanza kupungua nguvu, vyote vinaweza kuwa humo, hata sauti, na hapo nikakumbuka mwalimu wa kwaya alivyonihamisha kutoka sauti ya kwanza kwenda ya pili nikanuna mwezi mzima nikidhani ananionea. Dawa za homoni zipo ila sio za kununua tu, daktari lazima akuangalie kwanza, kama umewahi kuwa na saratani ya titi au damu kuganda hazikufai. Mimi nikachagua kuanza na madogo, nguo za kupanda tabaka tabaka, chai ya moto usiku basi, na ulanzi, pombe yetu ya mianzi, nikauaga kwa uchungu maana nikinywa kikombe kimoja tu moto unakuja mbio.

Na akasema kitu cha mwisho, nakiandika hapa kwa makusudi. Ikishapita ile miezi 12 halafu damu ikatoka tena, hata tone, usifurahi, usisubiri, nenda hospitali.

Aprili 2024 ikatoka. Miezi kumi na minne. Nilikuwa kwenye VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, nikamnong'oneza mwenzangu, naye hakunong'ona, akasema kwa sauti jamani mwenzetu karudi usichanani, wakapiga vigelegele, mmoja akasema watoto wameondoka sasa mzee anakutunza vizuri. Tulicheka sana. Kama yule nesi asingeleta gauni lake ningecheka nao nikaenda nyumbani kulala. Kesho yake nilikuwa hospitali, ultrasaundi, wakachukua kinyama kidogo cha kwenye kizazi kupeleka maabara, wiki tatu za kusubiri majibu, sitaki hata kuzikumbuka. Ikawa ni uvimbe mdogo, sio saratani, wakautoa. Daktari aliniambia kuna wanaokuja wamechelewa kwasababu walidhani ni hedhi imerudi.

Katika zile wiki tatu nilimpigia binti yangu wa Mwanza nikamweleza yote. Ana digrii. Akaniuliza, mama, komahedhi ndo nini? Nikajiona mimi mwenyewe. Siku nilipovunja ungo shangazi alikaa na mimi kutwa nzima, akanifundisha kila kitu, kitambaa kinakunjwaje, kinafuliwa wapi, kinaanikwa wapi. Kutoka kwenye hedhi, hakuna aliyenisindikiza. Mama yangu alihamia kulala na wajukuu bila kusema neno, tukadhani anawapenda tu wajukuu.

Sasa mhariri, sisemi upweke haupo. Upo, na kuna mama watoto wakiondoka anaanguka kabisa, namjua mmoja. Ninachosema ni kwamba watoto wetu wengi wanaondoka tukiwa na umri ule ule ambao mwili nao unageuka, na mkiandika la watoto peke yake mnawapa watu wa zahanati, waume na watoto wenyewe jibu rahisi la kumpa kila mama wa miaka 50, punguza mawazo. Andikeni na hili lingine, ukurasa ule ule, herufi zile zile kubwa. Na hao wanaopima wafundishwe kuuliza yale maswali mawili, hayana gharama, hayahitaji hata umeme.

Mzee alisoma karatasi niliyopewa hospitali, ualimu haumtoki, akapigia mstari kwa kalamu nyekundu. Siku hizi ana chumba cha watoto na mablanketi yake mawili, dirisha langu liko wazi, na tunaelewana kuliko zamani.

Mwaka huu Julai nilitoka nje saa tisa kama kawaida yangu, nikaona mtu kasimama upande wa pili wa michongoma. Jirani yule yule. Kanga moja, pekupeku. Nikamuuliza imeanza lini, akasema tangu Pasaka, mwenzio nilidhani ni huyu binti yangu kuolewa. Asubuhi nimempa namba ya yule nesi.

Mama, fundi cherehani
Njombe