Wanafunzi wa fildi msiwafungie masjala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwafikie mameneja wa ununuzi na ugavi, wenzangu wa zamani, kuhusu wanafunzi wa fildi, yaani wanaokuja kazini kwa mafunzo kwa vitendo.

Kazi hiyo nimeifanya miaka 26, nikaishia kuwa mkuu wa ugavi katika kampuni inayosafirisha mizigo ya Zambia na Kongo. Mwaka juzi niliacha, nikaenda kufundisha chuo kikuu. Mshahara umeshuka zaidi ya nusu, na shemeji zangu hadi leo wanaamini nilifukuzwa.

Semista ya kwanza niliwauliza wanafunzi wa mwaka wa tatu: kontena la mteja wa Lubumbashi, Kongo, limeshushwa leo bandari ya Dar es Salaam, litapita wapi, na karatasi zake zitapita kwa nani? Kanuni ya kukokotoa kiasi cha oda wanaighani kama shairi. Lakini hakuna aliyetaja mizani ya kupimia malori ya Vigwaza, wala foleni ya malori mpakani Tunduma, wala Kasumbalesa kule mpakani mwa Zambia na Kongo. Mmoja alisema litapakiwa kwenye meli nyingine. Darasa likaangua kicheko.

Nikamuuliza fildi alifanyia wapi. Bandari kavu, yaani yadi ya makontena nje ya bandari, wiki nane. Ukifanya nini? "Nilikuwa masjala, mwalimu. Na kutoa kopi."

Sikuwa na la kusema, maana ndivyo nilivyokuwa nikiwafanya mimi. Barua za fildi zikifika mezani, vijana nawapeleka masjala wasinisumbue. Machi 2021, meli ya Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez siku sita, simu za wateja wenye mizigo ya Ulaya hazikukatika. Kijana mmoja wa fildi akaniuliza, bosi, kwani hakuna njia nyingine? Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa wiki ile; jibu lake lingekuwa somo zima, kuanzia ncha ya Afrika Kusini hadi bei ya mafuta ya meli. Nilimtuma chai.

Jamani, mpeni kila mwanafunzi faili moja la mzigo mmoja, alifuate tangu manifesti, yaani orodha ya mizigo ya meli, mpaka lori litoke getini. Bei za mteja zifunikeni kama ni siri. Akikosea, atakosea kwenye nakala, si kwenye mzigo.

Julai hii wanafunzi wangu 41 wanaanza fildi. Nitapita mwenyewe kuwakagua, na daftari la mahudhurio sitalifungua. Nitaomba kuona faili.

Mkuu wa ugavi wa zamani, sasa mwalimu,
Dar es Salaam